Kabla Jua Halijapiga Teke

Jumapili, 6 Juni 1999. Kawajense, Mpanda

Sauti ambayo haijaniondoka tangu jana ni ya mvumo wa redio ulipokuwa unazama. Simu ya upepo ya parokia haina utulivu hata siku moja. Inavuma, inakwaruza, inapiga miluzi, na maneno ya watu yanapenya humo kama maongezi ya jikoni wakati mtu anakaanga bisi. Jana saa sita mchana vurugu hizo zote zilishuka taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga, mpaka pakawa kimya. Taa inawaka, betri imejaa, na hakuna hata mkwaruzo mmoja. Nywele zilinisimama. Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile, na kilikuwa kinavunja uchumba wa kaka yangu.

Niandike kwa mpangilio. Kaka Sylvanus anataka kumwoa Nyanzala, msichana anayejifunza ushonaji hapa mjini na anayeishi kwa shangazi yake, jirani yetu. Baba yake, Mzee Lyamba, ni Msukuma wa Sibwesa. Alihamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Sisi ni Wapimbwe, watu wa mpunga na misa. Kabla wazee hawajakaa kuzungumza mahari, Mzee Lyamba alitaka jambo moja tu: amsikie Baba kwa masikio yake. Kwa hiyo jana, siku ya gulio la Sibwesa, yeye alisimama kwenye redio ya kigango chao na sisi tukasimama kwenye ya parokia hapa Mpanda.

“Bartolomeo,” akasema, “huku tunaambiwa nyie Wapimbwe mnatuona sisi watu wa porini. Binti yangu akija kwako, utamweka kama mwanao? Nataka kwa mdomo wako, hapa mbele za watu. Ova.”

Baba ni mwalimu mstaafu. Alikuwa amevaa koti. Alianza na salamu, akaingia kwenye heshima kati ya makabila, akapita kwa babu yake, na hapo ndipo mvumo ulipozama. Hakugundua. Aliendelea mpaka mwisho, akasema ndiyo kwa sauti ya kanisani, akasema “Ova,” akasubiri. Hakuna aliyejibu.

“Amenidharau,” Baba akasema, akavua koti.

Telesfori, mwendesha simu wa parokia, alishapanda juu ya paa kukaza waya wa antena. Redio ilirudi jioni. Katekista wa Sibwesa, Thadei, akatuambia yaliyotokea upande wao: Mzee Lyamba aliita mara tatu, gulio zima linasikiliza, akaona amefungiwa redio usoni. Ametoa neno. Mwezi ukiisha Nyanzala arudi nyumbani, na habari za Mpanda zimekwisha.

Jumatatu, 7 Juni

Tangu nirudi kutoka Chuo Kikuu nachora jua kila asubuhi. Silitazami, hilo ni kujipofusha. Nafunga madirisha ya chumba changu, napitisha jicho moja la darubini ya marehemu mjomba, ile ya kutazamia wanyama wa hifadhini, kwenye tundu la ubao wa dirisha, na jua linaanguka juu ya karatasi nyeupe, mviringo wa ukubwa wa sahani. Jumamosi lilikuwa na kundi la madoa katikati, mawili makubwa na vidoa pembeni, yakitutazama moja kwa moja.

Hayo ndiyo yaliyolipuka na kuizima redio. Mama akiniuliza kwa nini najifungia gizani kila asubuhi nimwambie nini?

Nimetengeneza pia kifaa. Sindano iliyosuguliwa kwa sumaku ya spika, imening'inia kwa uzi ndani ya chupa ya asali, na kipande cha kioo kinachotupa mwanga wa tochi ukutani. Mlipuko mkubwa wa jua hurusha pia wingu la gesi yenye sumaku, na kwa hesabu yangu lilipaswa kufika leo mchana au jioni. Saa kumi alasiri nukta ya mwanga ilihama upana wa vidole viwili, ikarudi, ikahama tena. Nilicheka peke yangu mpaka Mama akagonga mlango.

Alhamisi, 10 Juni

Nilieleza mezani. Nilisema mlipuko ukitokea kwenye jua, mwanga wake unafika kwetu kwa dakika nane, unaivuruga hewa ya juu kabisa, ile inayorudisha mawimbi ya redio chini. Badala ya kuyarudisha inayameza. Hakuna aliyemfungia mwenzake redio.

“Jua hilohilo ndilo linalochaji betri ya parokia,” Baba akasema. “Leo limekuwa adui?”

“Baba, nenda Sibwesa ukamwambie.”

“Nimwambie jua limekula maneno yangu? Mbele ya gulio? Nilijibu, Verdiana. Nilijibu vizuri sana.”

Sylvanus hakula.

Ijumaa, 11 Juni

Nimemkuta Telesfori juu ya paa anasugua sahani ya sola kwa sabuni na dodoki. “Mwalimu kaniambia umesema tatizo ni jua,” akasema. “Sasa safi kabisa.”

Jumamosi, 12 Juni

Kundi limefika ukingoni mwa jua na kuzama. Baridi kali asubuhi.

Jumatatu, 14 Juni

Chuoni nilishughulika na jambo hili kwa mwaka mzima: kwa nini jua hulipuka. Ndani ya madoa mna nguvu ya sumaku iliyosokotwa kama kamba. Ikisokotwa kupita kiasi inashindwa kukaa, inajipinda, inaruka. Modeli yangu ilihesabu mizunguko tu. Kule ilihesabiwa na kompyuta ya idara. Hapa nina kalkuleta na penseli. Lakini nina kitu ambacho sikuwa nacho kule, yaani michoro yangu ya kila siku. Madoa mawili yakizungukana, mstari unaoyaunganisha unageuka, na nikipima umegeuka kiasi gani tangu jana napata kipimo cha msokoto.

Kuna kundi jingine sasa. Limejisokota sana. Nimemwambia Telesfori: kesho mchana redio itazimika.

“Mwambie Padri. Viambie vituo vyote,” akasema, akanisukumia kipaza sauti. “Sema mwenyewe.”

Niliweka mikono nyuma kama mtoto aliyeonyeshwa nyoka. Sijawahi kupenda sauti yangu.

Jumanne, 15 Juni

Redio ilikuwa safi kuliko siku zote. Telesfori alicheka mpaka akakohoa, kisha kila aliyeingia ofisini akamwambia asiguse redio kwa sababu jua lina hasira. Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumatano, 16 Juni

Siku ya furaha. Niiandike yote.

Tulikwenda mtoni kufua mablanketi, mimi na Nyanzala. Amekonda, lakini ulimi wake bado mzima. Alinikejeli njia nzima: “Wifi, leo mvua? Leo tetemeko? Mimi nitaolewa lini, angalia huko juu.”

Tukalikamua blanketi zito la Mama. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine, tukasokota kinyume. Maji yakatoka, blanketi likakaza, tukazidi kusokota, na ghafla katikati yake ikajipinda, ikaruka juu kitanzi kizima na kummwagia Nyanzala maji usoni.

“Rudia!” nikapiga kelele.

“Nirudie nini? Limekauka.”

“Liloweshe tena. Wifi yangu, nakuomba.”

Tulirudia mpaka viganja vikaniuma. Wanawake wengine mtoni waliacha kufua wakatutazama. Kila tulipofika mizunguko ileile, kitanzi kiliruka. Ndipo Nyanzala, aliyechoka kuloweshwa, akabana ncha yake kwa magoti na kuweka kiganja chake juu ya katikati ya blanketi. Tukasokota. Tukapita idadi ya kawaida. Blanketi likawa gumu kama gogo, halikuruka.

“Toa mkono,” nikasema.

Akautoa. Kitanzi kiliruka kwa nguvu kuliko mara zote, nikaanguka majini na nguo zangu.

Nilikaa humohumo majini nikicheka. Nilikuwa nimeusahau mkono! Juu ya kamba ya sumaku kuna sumaku nyingine, za madoa ya pembeni, zinazoikandamiza. Kundi la jana lilikuwa limesokotwa vya kutosha, lakini lilikuwa na vidoa vingi kandokando vikilizuia. Kundi la tarehe tano vidoa vyake vilipungua siku mbili kabla. Vipo kwenye michoro yangu, nilivichora kwa mkono wangu na sikuviona.

“Umepata?” Nyanzala akauliza.

“Nimepata.”

“Basi tafuta na namna ya kumfanya baba yangu atoe mkono.”

Ijumaa, 18 Juni

Kundi lile la uongo limefifia bila kelele. Mama anauliza kwa nini blanketi limechakaa.

Jumanne, 22 Juni

Kundi dogo limetokea. Nimesema litakuwa tulivu, na limekuwa tulivu. Nimegundua hakuna anayempongeza mtu aliyesema halitatokea jambo.

Upepo na vumbi. Watu wanachoma nyasi, jua linachwea jekundu.

Ijumaa, 25 Juni

Limerudi, lile kundi la tarehe tano. Jua linajizungusha karibu mwezi mzima kumaliza mzunguko, kwa hiyo lililozama upande mmoja hurudi upande wa pili kama bado lipo. Lipo, na limenenepa. Nimelitambua kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Jioni Sylvanus aliingia mbio. Thadei amembembeleza Mzee Lyamba wiki nzima, na mzee amekubali kusimama kwenye redio mara moja tu tena, asikie jibu. Jumamosi ya tarehe tatu Julai, saa sita mchana, wakati gulio limejaa. Asiposikia, basi.

Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena kwa penseli. Tarehe mbili na tatu kundi litakuwa katikati ya jua, linatutazama.

Jumatatu, 28 Juni

Madoa makubwa yanazungukana. Vidoa vya pembeni bado viko.

Nilimwomba Baba wahamishie mazungumzo saa moja asubuhi. Jua likiwa chini, mlipuko hauna nguvu hiyo juu yetu.

“Nihamishe saa?” akasema. “Waseme Bartolomeo kakimbia?”

“Basi ukianza kuongea, jibu kwanza. Hotuba baadaye.”

“Mtu aliyefundisha miaka thelathini aanzie mwisho?”

Mama, aliyekuwa anapepeta mpunga, alisema bila kuinua kichwa, “Hata mimi ulinichosha siku ya posa.”

Jumatano, 30 Juni

Vidoa vinapungua. Nyanzala anafunga vitu vyake. Mwezi umekwisha na baba yake hakubadilisha neno. Nimelala vibaya. Nikinyamaza na redio ikazimika, nitakuwa nimeijua siri na kuiachia iwaharibie. Nikisema na isizimike, nitakuwa mpumbavu tena. La pili naliweza.

Nitamsindikiza Nyanzala.

Alhamisi, 1 Julai. Sibwesa

Tumefika kwa lori la mahindi, weupe kwa vumbi kama mizimu. Mzee Lyamba hakunipa mkono. Mama yake Nyanzala amenipa maziwa ya mgando.

Jumapili, 4 Julai. Sibwesa

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwa Mzee Lyamba zizini. Ni mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio mbali, na anaitumia hata akiongea na aliye karibu.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Umetumwa uje uombe?”

“Sijatumwa. Nimekuja kukuonyesha jua.”

Nadhani udadisi ulimshinda. Tulifunga madirisha ya chumba cha kigango, nikapachika darubini kwenye tundu, nikashika karatasi. Jua likaanguka hapo, na lile kundi katikati yake.

“Hili ndilo jua? Hilihili la nje?”

“Ndilo, baba.”

Aliinama. Akapitisha kidole chake juu ya madoa, yakamtambaa kwenye ukucha. Kisha akapasua kicheko. “Lina mabaka! Mama Nyanzala, njoo uone! Jua lina mabaka kama ndama wa yule mweusi!”

Chumba kilijaa. Kila mtu alitaka mabaka yamtambae mkononi. Walipotulia nikamweleza: kamba zilizosokotwa, mkono unaozikandamiza, kitanzi kinachoruka, redio inayonyamaza. Nyanzala alileta kanga tukaisokota mbele yao. Mzee alisikiliza akiwa ameegemea fimbo.

“Kwa hiyo huyu anapiga teke,” akasema.

“Ndiyo, baba.”

“Lini?”

“Saa siijui. Najua ameshajikaza. Anaweza kupiga leo, anaweza kupiga kesho, anaweza kupita bila kupiga. Nimeshakosea mara moja na wakanicheka.”

Akapandisha suruali, akanionyesha kovu refu kwenye muundi wa mguu. “Ng'ombe huyu alikuwa mpole kuliko wote. Nami nimekua zizini.” Akaishusha. “Siku ile Bartolomeo alikuwa anaongea?”

“Aliongea sana.”

“Kwenye jibu alifika?”

“Alifika. Nilikuwepo.”

“Alisemaje?”

Nyanzala alinibana mkono mpaka ukaniuma. “Hilo akwambie mwenyewe, baba,” nikasema.

“Wabeja,” akanishukuru kwa Kisukuma. “Ungenitajia ningekufukuza.”

Jana asubuhi nilichora mapema. Vidoa vyote vya upande mmoja vilikuwa vimeondoka. Nilimwambia Mzee Lyamba wazi: leo nina wasiwasi kuliko jana.

Saa sita gulio lilihamia kigangoni. Wauza dagaa walikuja na ungo zao. Thadei akawasha. Mvumo, miluzi, bisi zinakaangwa. Sijawahi kufurahia kelele kiasi kile.

“Bartolomeo,” Mzee akasema, “swali langu unalijua. Ova.”

Mkwaruzo. Kikohozi cha Baba. Nilijua amevaa koti.

“Lyamba. Ndiyo.” Watu wakavuta pumzi. “Binti yako ni mwanangu, na atakayemwita mtu wa porini nyumbani kwangu atalala nje. Nimeanza na jibu kwa kuwa binti yangu ameniamuru, nami sijawahi kuamriwa na mwanafunzi. Sasa, kwa kuwa nafasi bado ipo, niseme kidogo historia ya ukoo wetu. Babu yangu mzaa baba alipotoka—”

Mvumo ukazama.

Taratibu, vilevile, maji kwenye mchanga. Kimya kilekile. Taa inawaka. Gulio zima limesimama na hakuna aliyekohoa. Mzee Lyamba alikitazama kipaza sauti, akanitazama mimi.

“Amepiga?”

“Amepiga, baba.”

Mzee akainua kipaza sauti mdomoni, akabonyeza, akaongea kwa ile sauti yake ya ng'ombe walio mbali, ambayo nadhani ingefika Mpanda bila redio:

“Bartolomeo, nimesikia. Endelea tu na babu yako. Ova!”

Walivyocheka! Mama yake Nyanzala alipiga kigelegele, wengine wakapokea, muuza dagaa mmoja akamwaga ungo wake. Nyanzala alikuwa amejifunika uso kwa ile kanga iliyokunjamana, analia na kucheka pamoja. Mimi nilitoka nje nikasimama juani, macho chini, nikihisi joto lake mgongoni. Liliondoka kule dakika nane kabla. Jua nililihesabu kwa penseli, nikalibashiri kwa blanketi la Mama, nalo likapiga. Najua ilikuwa bahati pia. Lingeweza kusubiri mpaka leo. Lakini hata lisingepiga, jibu lingekuwa limeshafika, na mzee alishajua kimya si tusi.

Redio ilirudi saa tisa. Baba alikuwa amemaliza hotuba yote.

“Sehemu ya babu mliipenda?” akauliza.

“Sana, Mwalimu,” Thadei akasema.

Jumatano, 7 Julai. Kawajense

Wazee watakutana Sibwesa baada ya sikukuu ya Nane Nane, mwezi ujao. Sylvanus anapiga miluzi kuanzia alfajiri, hakuna wa kumnyamazisha. Nukta yangu ukutani ilihama Jumatatu. Nilikuwa njiani, Mama ndiye aliyeiangalia, ameniwekea alama ya mkaa.

Ijumaa, 9 Julai

Telesfori hapandi tena juu ya paa. Ameniuliza swali moja, bila kucheka: parokia na vigango vyote vinawasha redio Jumatatu saa mbili asubuhi, kwa nini wasiambiwe mapema siku za kuwa na wasiwasi? Gari la zahanati linaitwa kwa redio hiyo. Nikamwambia nitamwandikia asome. Akauliza, yeye akiulizwa swali atajibu nini?

Nimekaa na hilo tangu mchana.

Jumatatu, 12 Julai

Niliamua Ijumaa ileile jioni, lakini sikutaka kuliandika kabla sijalifanya.

Asubuhi hii Telesfori aliniachia kiti. Nilibonyeza kitufe, nikaviita vituo kimoja kimoja, na sauti yangu ilitoka nyembamba, kisha ikakaa sawa. Nimesema: Anayeongea ni Verdiana Bartolomeo, Mpanda. Kuna kundi jipya kwenye jua. Leo na kesho tulivu. Kuanzia Jumatano saa za mchana msizitegemee sana, mambo ya haraka yasemeni asubuhi. Naweza kukosea, na nikikosea nitawaambia Jumatatu ijayo kwa jina langu hilihili. Ova.

Sibwesa walijibu kwanza. Mzee Lyamba alikuwa anauliza yule ng'ombe wa juu, mwenye mabaka, ameamkaje.

Nikabonyeza tena, nikamwambia amelala, ila masikio yamesimama.